Mwaka wa Sentensi za Kweli

Habari kwamba Prof Anaclet amefariki zilinikuta nachambua ndakala, dagaa wa ziwa letu, nami nilimaliza kuzichambua. Sikuangusha ungo, sikuita jirani. Nilinawa mikono, nikausoma tena ujumbe kwenye simu, nikaona wanafunzi wenzangu wa zamani wameanza kutuma picha za nyuso zinazolia, kila mmoja akijitahidi alie kuliko mwenzake. Kesho yake nilikwenda matangani, maana huku Kalemie usipoonekana matangani watu watasema ni wewe uliyemloga marehemu. Walikuwa wamefunga turubai uani, wamepanga viti vya plastiki, na mbele wameweka picha yake kubwa akiwa na koti lake la kahawia. Watu walisimama kumsifu. Alitufungulia dunia, alisema mmoja ambaye dunia yake haijawahi kuvuka bandari yetu. Nilikula bugali na sombe, kisamvu cha msiba, kilichokuwa kitamu kweli, nikanyamaza. Mzee mwenye mvi aliyekaa kando yangu alininong'oneza, "Keep, weye hausemi kitu?" Nikamjibu, "Na weye Miss, utasema nini?" Tulicheka, na waliokaa mbele yetu wakageuka kututazama kwa hasira. Basi yale ambayo sikuyasema pale nayasema hapa, na asiyependa kusikia ubaya wa marehemu afunge kitabu.

Mzee yule ni Kisimba, fundi wa reli, na jina la Miss alipewa na Prof Anaclet, kama mimi nilivyopewa Keep. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini. Vita ilikuwa imetulia, meli zilianza tena kuja kutoka Kigoma, na mji ulijaa wageni wenye magari meupe waliotuuliza njia kwa Kingereza. Sisi tulikuwa na Kifaransa chetu cha shule na Kiswahili chetu cha ziwani, na havikutufaa kitu mbele ya wageni wale. Ndipo Prof Anaclet, aliyewahi kuishi Zambia, akafungua darasa sebuleni kwake, katika moja ya nyumba za zamani za reli kule juu mlimani. Kuta zilikuwa za kijani, zimebanduka kwa chini mahali ambapo wanafunzi waliegemeza miguu. Madawati sita, tablo moja ya kuandikia kwa chaki, na dirisha lililotazama ziwa, ambalo alilifunga kwa pazia ili tusitazame ziwa. Ukumbi mwembamba ulielekea jikoni kwa mkewe, Mama Odile, na katikati ya ukumbi ule palikuwa na mlango wenye kufuli. Tuliambiwa ni depo ya vitabu.

Desturi ya nyumba ile sijaikuta kwingine. Siku ya kwanza Prof alikutazama, akafikiri, kisha akaandika kwenye tablo neno moja la Kingereza lenye maana nyingi. Kuanzia hapo neno lile ndilo jina lako. Mbele za watu hakuna mwanafunzi aliyekuita vingine, hata sokoni, mpaka utakapofunguliwa. Na kufunguliwa kulikuwa hivi: ulisimama mbele, ukatunga sentensi moja kwa kila maana ya neno lako, na kila sentensi ilibidi imtaje kwa jina lake la kuzaliwa mtu aliye katika nyumba ile, tena iwe ya kweli. Aliyetajwa alisimama akajibu kwa Kingereza, ni kweli au si kweli. Ukijibiwa si kweli mara moja tu, ulirudi kukaa, ukasubiri msimu mwingine. Makosa ya sarufi Prof aliyasahihisha kwa upole, lakini uongo hakuuvumilia. Alisema neno lililojaribiwa kwa uongo halikai kichwani. Na Kiswahili au Kifaransa vilikatazwa kabisa sebuleni. Aliyeteleza alipelekwa uani kukaa na kuku mpaka somo liishe.

Kama angetupa maneno ya kawaida, hayo yasingekuwa na madhara. Lakini Prof alichagua maneno yake kama mtu anayechagua fimbo. Kisimba alipewa Miss wiki ile ile ambayo mke wake alipanda meli ya Kigoma na mfanyabiashara wa mitumba. Neno lile lina maana ya kukosa kitu ulichokilenga au kuchelewa kile unachokifuata, lina maana ya binti asiyeolewa, na lina maana ya kumkumbuka mtu hata ukaumia. Alipofika maana ya tatu Kisimba aliduwaa. Mwanafunzi mwenzetu akadhani anamsaidia, akasema kwa Kingereza kutoka dawatini, "Kisimba anamkumbuka mkewe." Prof alifurahi sana. "Simama, Miss," alisema. "Ni kweli au si kweli?" Mwanaume mzima, mikono yake myeusi kwa grisi, alisimama akisema kwa Kingereza kwamba ni kweli, na Prof akamrudishia kwamba ametamka vibaya, arudie. Akarudia. Kisha akaambiwa haimfungui, kwa kuwa sentensi haikuwa yake. Hajafunguliwa mpaka leo, na wajukuu wake wanamwita Babu Miss bila kujua wanasema nini.

Mtu akiniuliza kwa nini hatukuondoka, nitamuuliza kama amewahi kuwa na njaa ya kitu. Tulibaki, tena tukawa wabaya. Kila mmoja alihitaji ukweli wa wenzake ili amalize maana za neno lake, kwa hiyo tukageuka wasikilizaji wa milangoni. Wakati wa mapumziko Mama Odile alituletea chai na mandazi, na ungedhani watu wanakula. Kumbe kila sikio liko kazini. Nani amefukuzwa kwao, nani anajipaka dawa ya ngozi, nani baba yake anakunywa pombe ya lutuku tangu asubuhi. Mtu akianza kuongea taratibu na mwenzake, dawati la nyuma lilinyamaza. Na mandazi yale yalikuwa mazuri, lazima niseme. Mama Odile aliyatia iliki, na hakuelewa hata neno moja la Kingereza kati ya yote yaliyosemwa nyumbani mwake.

Rafiki yangu alikuwa Mauwa. Tulipanga chumba kimoja katika mtaa wa Kataki, kitanda kimoja, jiko moja la makaa mlangoni, na sufuria moja tuliyoipikia bugali kwanza kisha mboga. Mauwa alikuwa mwepesi kuliko sisi sote. Alisikia neno mara moja akalimiliki. Yeye alipewa Bear, ambalo ni kubeba, ni kuvumilia, ni kuzaa, na pia ni mnyama mkubwa mwenye manyoya wa nchi za baridi, ambaye hakuna aliyemwona ila Prof, kama naye alimwona. Mimi nilipewa Keep. Nalo ni kutunza, ni kufuga, ni kutimiza ahadi, ni kuendelea kufanya jambo bila kukoma, na ni kumzuia mtu mahali asitoke. Jioni moja tukigeuza samaki jikoni, Mauwa aliniuliza mbona kila nikipata chochote nampa mtu anayekwenda Kongolo. Nilimwambia. Kule Kongolo, kwa mama yangu, alikuwepo mtoto wa miaka minne aitwaye Jeremi, ambaye mtaa wote ulimjua kuwa mdogo wangu wa mwisho, na hakuwa mdogo wangu. Nilimzaa mimi. Nilimwambia pia nilichokuwa nakitafuta katika Kingereza kile: nipate kazi, nipange nyumba yenye mlango wangu, nimlete aniite mama. Mauwa aliniahidi hatamwambia mtu, akaniwekea samaki mkubwa kwenye sahani yangu. "Utamuleta, Feza," alisema. "Mungu iko." Nilimpenda sana jioni ile.

Nyumbani kwa Prof, wasichana ndio waliosaidia kuosha vikombe baada ya somo, na huko jikoni ndiko nilikoijua ile depo ya vitabu. Mama Odile alipakua chakula, sahani moja ya Prof, moja yake, na moja zaidi akaifunika kwa kitambaa akatoka nayo ukumbini. Vitabu havili bugali. Siku moja nilisikia kufuli, kisha sauti ya mwanaume ikimwomba pilipili, sauti changa na ya upole. Mtoto wao Serge, tulivyoambiwa sote, alikuwa anasoma Lusaka, na Prof alipenda kutusomea sebuleni barua za jinsi anavyofaulu. Mama Odile aliporudi alinikuta nimesimama na kikombe mkononi. "Anaangukaka," aliniambia, akimaanisha kifafa. "Baba yake anaona haya. Anasema bantu wakimuona, masomo yatakufa." Hakuniomba ninyamaze. Alichukua kikombe mkononi mwangu akakifuta mwenyewe.

Kisha hospitali ikapokea madaktari wageni, nao wakahitaji mkalimani mmoja wa kuwasemea kwa wagonjwa. Walimwomba Prof awapelekee mtu, na Prof akatangaza kwamba atampeleka yule atakayefunguliwa Jumamosi ile, wa kwanza na wa pekee. Tuliokaribia kumaliza tulikuwa wawili, Bear na Keep. Wiki ile mimi na Mauwa tulipika bila kuongea sana, na nilidhani ni woga tu wa mtihani. Nilikwisha kumwona Jeremi akikimbia kwenye ua wa nyumba ambayo sikuwa nayo bado. Nilikwisha hata kumchagulia shule, mpumbavu mimi.

Jumamosi Mauwa alisimama wa kwanza, amesuka nywele upya. Kisimba anabeba vyuma vizito kazini: Kisimba akasema ni kweli. Mama Odile anavumilia moshi wa jikoni: akaitwa, akatafsiriwa na Prof mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali. Hakuna dubu hata mmoja katika darasa hili: tukacheka, tukapiga makofi. Ilibaki kuzaa. Mauwa hakuinamisha macho wala hakugugumia. Alinitazama usoni akasema kwa Kingereza kizuri mno kwamba Feza alizaa mtoto wa kiume huko Kongolo alipokuwa na miaka kumi na sita. Prof alijiegemeza mezani. "Simama, Keep. Ni kweli au si kweli?"

Nataka ieleweke vizuri nilichokuwa nacho mkononi. Neno dogo la kukana lingemrudisha Mauwa kitini na kazi ingekuwa yangu, na kazi ile ndiyo ingemleta mtoto. Nilimkana Jeremi kila siku mtaani tangu alipozaliwa. Kumkana mara moja zaidi, kwa lugha asiyoijua, kungepunguza nini? Sijui. Hata leo natafuta sababu nzuri ya kuwapa watu, sipati. Mdomo ulifunguka ukasema ni kweli, tena ukaongeza kwamba anaitwa Jeremi. Prof alisahihisha matamshi yangu. Kisha akamshika Mauwa mkono, akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, akatugeukia na kusema kwamba kazi ni ya Mauwa, na kwamba hata hivyo hospitali haiwezi kupelekewa msichana mwenye habari kama yangu, watu wangesema nini. Mauwa alipopita kando yangu kurudi kitini alinong'ona, kwa Kiswahili, "Ni sentensi tu, Feza."

Nilidai zamu yangu. Prof alisema haina haja, nafasi imekwisha, lakini Kisimba alisema kutoka nyuma kwamba desturi ni desturi, na wengine wakaunga mkono kwa kuwa walikuwa wanataka kuona damu zaidi. Nikasimama. Mama Odile anafuga kuku. Kisimba anatunza vifaa vyake. Mauwa hakutimiza ahadi. Mauwa akasimama, akasema ni kweli, bila haya yoyote. Prof anaendelea kutusahihisha bila kukoma. Akacheka kidogo, akakubali. Ya mwisho niliisema polepole ili kila mtu aishike. Nilisema Prof anamzuia mwanawe Serge nyuma ya mlango ule wa ukumbini.

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumtajia Prof jambo la ndani. Alisimama wima, akafunga kifungo cha koti lake, akasema kwa Kingereza, "Si kweli." Mama Odile alikuwa mlangoni na birika la chai. Katika yote yaliyosemwa alikuwa ameshika jina moja tu.

"Mumesema nini juu ya Serge?" aliuliza.

Prof alimjibu kwa Kingereza kwamba humu hakusemwi Kiswahili. Mke wake alimtazama, kisha akanigeukia mimi. "Feza, weye umejua ile luga yao. Unitafsirie."

Nilimwambia, "Miye nimesema Prof anamufungia Serge ku chumba. Yeye amesema si kweli."

"Umuulize. Chakula ninapelekaka kule, nani anakulaka?"

Nikamuuliza Prof kwa Kingereza swali la mke wake aliyelala naye kitanda kimoja kwa miaka yote ile. Alijibu kwa Kingereza, akitazama pazia. Nikamgeukia Mama Odile. "Amesema hakuna muntu."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta. Ilikuwa ya Kingereza safi kuliko cha yeyote kati yetu, na nikatambua ni nani aliyemfundisha, na kwamba kwa muda wote ule alikuwa akisikiliza kila somo. Alikuwa ametajwa, kwa hiyo alijibu kama desturi ilivyotaka. "Ni kweli, mwalimu," alisema. "Humu hakuna mtu."

"Mutoto amesema nini?" Mama Odile aliuliza.

Nilimwambia, "Amesema, 'Mama, unifungulie.'"

Prof alifungua mdomo anisahihishe. Maisha yake yote alikuwa hajaacha kosa lipite. Lakini kunisahihisha kungekuwa kukiri kwamba nyuma ya ukuta yupo mtu aliyesema jingine, na akaufunga mdomo. Mama Odile aliweka birika sakafuni, akamwendea, akanyoosha mkono. Prof alitoa ufunguo kwenye mfuko wa koti.

Serge alitoka akijikinga macho, kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi. Aliwaona watu wote wale wanamtazama, akajaribu kutuamkia, na hapo hapo akaanguka. Huku kwetu watu wanaamini ukiguswa na mate ya anayeanguka nawe utaanguka. Walikanyagana kutoka. Mauwa alipanda juu ya dawati, akaruka dirishani na pazia likakatika. Tulibaki Mama Odile aliyemshika kichwa, Kisimba aliyemshika miguu, na mimi niliyesimama tu. Serge hakuomba kufunguliwa. Mimi ndiye niliyemtoa, kwa sababu nilitaka baba yake aaibike mbele ya watu, na aliaibika, na sikupata raha niliyoitazamia. Prof alikuwa anafuta tablo. Mgongo wake ukiwa kwetu alisema kwa Kingereza kwamba Keep imeshindwa, kwani sentensi ya mwisho imekataliwa na aliyetajwa. Kisha akaandika jina la Mauwa. Wiki iliyofuata Mama Odile alimchukua mwanawe wakaenda kwa ndugu zake kule Pepa, na darasa likaendelea, limejaa kuliko mwanzo. Kule matangani, mtu aliyesoma habari za maisha yake alisema marehemu hakubahatika kupata mtoto, na hakuna aliyeinua mkono.

Mauwa alifanya kazi na madaktari wale, wakamchukua walipoondoka, na sasa anaishi nchi ya baridi ambako bila shaka amemwona dubu. Mimi nilifikiri hivi: siri imekwisha kutoka, kazi sina, basi angalau nimchukue mwanangu bila kujificha. Nilipanda treni ya Kongolo, ambayo ililala njiani kila mahali palipo na mti. Mama yangu alikuwa anaanika mihogo. Jeremi alikuja mbio akanikumbatia miguu, akapiga kelele, "Yaya amekuja!" kwa kuwa kwake nilikuwa dada mkubwa. Nilipiga magoti nikamshika mashavu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yale safari nzima. "Miye si yaya yako, Jeremi. Miye njo mama yako. Miye nilikuzala."

Mtoto alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama yangu, kwa macho ya mtu ambaye hakuelewa lugha, akisubiri atafsiriwe. Mama yangu hakuinua hata mkono kutoka kwenye mihogo. "Yaya yako anakuchekesha tu," alimwambia.

Jeremi akacheka, mama yangu akacheka, na majirani waliokuwa ukingoni mwa ua wakacheka. Nami nilicheka pamoja nao. Sasa Jeremi ni mtu mzima, ana watoto watatu, na wananiita shangazi.